Jinsi ya kumwangalia mwalimu mwenzako akifundisha bila kumgeuza mtuhumiwa, na jinsi ya kuwaandaa watakaofanya hiyo kazi chuoni

Mkufunzi wa chuo cha ualimu hapa Tanzania ukimwambia akakae nyuma ya darasa amwangalie mwenzake anafundisha, kitu cha kwanza atakachoulizia ni fomu. Simlaumu, ndo alivyozoeshwa, kila mwaka BTP (mazoezi ya wanachuo kufundisha shuleni) ikifika anazunguka shule na shule na rundo la fomu, anaingia darasani mwanachuo anatetemeka na chaki mkononi, anatiki andalio la somo lipo, zana zipo, ubao umegawanywa, sauti inasikika, anajumlisha maksi, anasaini, anapanda bodaboda kuwahi shule nyingine. Sasa huyohuyo ukimpeleka kwa mwenzake mwenye miaka kumi na tano kazini atafanya vilevile, na mwenzake naye atafanya kile kile anachofanya yule mwanachuo, yaani ataigiza. Siku hiyo andalio linachapwa upya, projekta inatolewa stoo, wanafunzi wanaambiwa jana yake "kesho kuna mgeni msiniangushe", kipindi kinapita, fomu inajaa, na wiki inayofuata kila kitu kinarudi palepale.

Kwa hiyo hapa naandika kwa ajili ya mratibu wa taaluma, mkuu wa idara au mwalimu tu wa kawaida kwenye chuo cha ualimu, chuo cha ufundi cha VETA, FDC (chuo cha maendeleo ya wananchi) au chuo chochote cha kati kilicho chini ya NACTVET, lile baraza la kusimamia elimu ya ufundi, ambaye anataka kuanzisha utaratibu wa walimu kuangaliana na kusaidiana humohumo ndani. Mkenya aliye kwenye vyuo vya ufundi (TVET) naye atajiona humu maana matatizo yanafanana sana. Jambo lenyewe ni moja: mwangalizi kazi yake ni kuandika wanafunzi wamefanya nini na wamesema nini, dakika kwa dakika. Sio kumpima mwalimu. Hayo mengine yote nitakayosema yanatokana na hilo.

Kabla ya yote tenganisha na upimaji

Hapa usicheze. Kama notsi za mwangalizi zinaweza kuishia kwenye PEPMIS (mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi), au kwenye faili la mkuu wa chuo, au zikatajwa kwenye kikao siku mtu anagombania kupandishwa daraja, basi umeshapoteza, hata ukiita "kujengana" mara mia. Walimu sio watoto, wanajua. Upimaji una watu wake na una kazi yake, wathibiti ubora wapo, mifumo ya utumishi ipo, wenzetu Kenya tume ya walimu (TSC) wana TPAD, upimaji wao wa walimu, ambayo nayo ndani yake kuna kuangaliwa darasani, sawa, iendelee huko huko. Hii yako iwe kitu kingine kabisa.

Na sio kwamba maksi zenyewe zinaaminika kihivyo. Uingereza wakaguzi wa Ofsted, taasisi yao ya kukagua shule, walikuwa wanatoa daraja kwa kila kipindi walichokalia, mpaka 2014 wakaacha kutoa daraja la kipindi kimoja kimoja kwenye shule. Na Marekani ule mradi mkubwa wa utafiti wa MET, wa namna ya kupima ufundishaji, uliofadhiliwa na Gates Foundation kuanzia 2009 ulionyesha kwamba mtu mmoja kukaa kipindi kimoja na kutoa maksi hakukupi picha ya kuaminika ya mwalimu, inabidi vipindi viwe zaidi ya kimoja na macho yawe ya zaidi ya mtu mmoja ndo angalau. Sasa sisi tunaingia mara moja kwa mwaka, tena kwa taarifa, alafu tunaandika 78.

Cha kufanya: andika nusu ukurasa tu, Kiswahili chepesi, useme mambo matatu. Notsi za mwangalizi ni mali ya aliyeangaliwa na anakabidhiwa siku hiyohiyo, hakuna maksi wala "vizuri sana, vizuri, wastani", na mkuu wa chuo anaambiwa tu kwamba kipindi fulani kimeangaliwa tarehe fulani basi. Mkuu wa chuo asaini hiyo karatasi mbele ya watu kwenye kikao cha wafanyakazi, ibandikwe ofisi ya walimu. Kama mkuu anagoma kusaini, usianze. Kweli kabisa, ni bora usianze kuliko kuanza alafu mwezi wa tatu aombe "nione zile fomu za idara ya umeme".

Nani awe mwangalizi

Kosa la kawaida ni kuwachukua wakuu wa idara wote ukasema hawa ndo waangalizi. Hapo umerudisha ukaguzi kupitia mlango wa nyuma. Anza na watu wachache, wanne mpaka sita, changanya wenye umri na vijana, wanaume na wanawake, wa darasani na wa karakana. Tafuta wale ambao wengine wanawaendea wenyewe wakikwama. Kila chuo kinao hao na mara nyingi hawana cheo.

Alafu kuna suala la umri, tusijifanye halipo. Kijana wa miaka ishirini na nane kukaa nyuma ya mzee aliyemfundisha yeye mwenyewe chuo hichohicho, ni kitu kigumu kwa pande zote mbili. Njia inayofanya kazi ni kuanzia juu, yaani mwalimu mkongwe anayeheshimika ndo awe wa kwanza kuangaliwa, na amwalike yule kijana kwa mdomo wake mbele ya wengine: "Mwalimu, njoo Jumanne karakana unitazamie hili jambo." Akishafanya hivyo yeye, hakuna kijana atakayesema mimi ninaonewa. Na kijana akienda aende kama anavyokwenda kwa mkubwa siku zote, shikamoo yake ianze, asiingie na kibao cha kuandikia kama afisa wa sensa.

Pia usiogope kumpeleka mtu wa fani nyingine. Mwalimu wa ushonaji akikaa kwenye somo la umeme hajui swichi inafungwaje, na hiyo ndo faida, kwa sababu hawezi kusahihisha somo, inabidi awatazame wanafunzi. Ila kama swali mlilokubaliana linahusu maudhui yenyewe, kwa mfano mwalimu ana wasiwasi na namna anavyoelezea hesabu za kukokotoa ujazo wa zege, hapo mlete wa fani hiyohiyo.

Mafunzo ya waangalizi, mchana tatu zinatosha kuanzia

Sio semina ya hoteli. Mchana tatu, baada ya vipindi, kwenye darasa la chuo, chai na maandazi.

Mchana wa kwanza unahitaji video ya dakika kumi ya somo halisi, imerekodiwa kwa simu iliyowekwa kwenye dirisha au stendi. Mwalimu wa kwenye video akubali, wanafunzi waambiwe, na video isiingie grupu la wasapu kwa sababu yoyote ile. Kwanza ni heshima tu, pili kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na sura ya mwanafunzi ni taarifa yake. Afadhali mwalimu wa video awe wewe mratibu mwenyewe, hapo watu wanalegea.

Waonyeshe, waambie waandike wanachokiona, alafu kila mtu asome. Utasikia "mwalimu anajiamini", "darasa limechangamka", "wanafunzi hawakushirikishwa ipasavyo", "zana hazikutosha". Andika zote ubaoni. Sasa chora mstari katikati, upande mmoja NIMEONA, upande mwingine NIMEHUKUMU, na mwulize kila mmoja sentensi yake iende wapi. Karibu zote zitaenda kuhukumu, watu watacheka, watabishana, ndo unapotaka wafike. Rudia video ileile, safari hii wanaruhusiwa kuandika tu kitu ambacho kamera imekinasa. "Darasa limechangamka" inageuka "dakika ya 3 wanafunzi wanne wamenyoosha mikono, wote safu ya mbele". "Wanafunzi hawakushirikishwa" inageuka "mwalimu kauliza maswali sita, matano kajibu mwenyewe". Unaona tofauti. Ya pili mwalimu hawezi kubishana nayo, na hata hakuna cha kubishana, wala haijamtukana.

Rudieni hilo zoezi na video ya pili mpaka waangalizi wawili wakitazama kitu kimoja notsi zao zifanane kwa sehemu kubwa. Hapa ndo watu wanapenda kuruka kwa sababu linachosha. Usiruke, kama mtaruka kitu rukeni siku ya ufunguzi na risala.

Mchana wa pili ni wa zana za kuhesabia. Sio nyingi. Ya kwanza ni saa pembeni ya karatasi, kila unachoandika kina muda wake. Ya pili ni ramani ya madawati, unachora viboksi, kila mwanafunzi akiulizwa au akiuliza unaweka alama, mwisho wa kipindi ramani yenyewe inaongea, utaona kona nzima haina hata alama moja, na mara nyingi kwenye madarasa ya ufundi hiyo kona ndo wamekaa wasichana. Ya tatu ni kwa madarasa makubwa, ukumbi wa watu mia na ishirini huwezi kumfuata kila mtu, hapo kuna njia iliyotengenezwa na watafiti wa University of British Columbia na University of Maine, ilitoka 2013 inaitwa COPUS, kila baada ya dakika mbili unaweka alama tu: wanafunzi wanasikiliza, wanajadiliana, wanajibu, wanasubiri, na mwalimu anaongea, anaandika, anazunguka, anauliza. Huna haja ya kuichukua yote na herufi zake, chukua wazo la dakika mbili.

Ya nne ni kuhesabu sekunde za kusubiri baada ya swali. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, miaka ya 1970 alionyesha kwamba walimu wengi wakiuliza swali wanasubiri kama sekunde moja tu alafu wanajibu wenyewe au wanahamia kwa mwingine, na walipofundishwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi waliokuwa kimya wakaanza kuongea. Mpe mwangalizi hilo zoezi, ahesabu kimoyomoyo. Sekunde tatu darasani ni ndefu kuliko unavyodhani, jaribu wewe leo.

Mchana wa tatu ni wa mazungumzo ya baada ya kipindi, na hapo mfanye kwa kuigiza, mmoja mwalimu mmoja mwangalizi, wengine wanatazama, alafu mnabadilishana. Mantiki ni ileile ya mafunzo madogo ya ufundishaji yaliyoanzia Stanford mwaka 1963, unachukua kipande kidogo cha kazi, unafanya, unaangaliwa, unafanya tena. Tofauti ni kwamba hapa anayefanya mazoezi ni mwangalizi. Nitayarudia hayo mazungumzo huko chini maana ndo sehemu inayoharibika sana.

Kabla ya kipindi: dakika kumi na swali moja

Msiingie darasani bila kukutana. Dakika kumi tu, hata chini ya mwembe, mwangalizi anauliza: "Mwalimu, ungependa nikutazamie nini?" Jibu la kwanza litakuwa "we angalia tu kwa ujumla." Usikubali. Kwa ujumla ndo kunaleta "kwa ujumla somo lilikuwa zuri". Msaidie ashuke mpaka apate swali ambalo linaweza kujibiwa kwa kuhesabu au kwa kunukuu. Mfano, wakiwa kwenye makundi ni wangapi hasa wanafanya kazi na wangapi wanatazama? Nikiuliza nani anajibu? Nikimaliza kuonyesha hatua za kazi wanaweza kuzirudia bila mimi? Nikihamia Kiingereza kuna kinachobadilika?

Hilo la lugha nilisemee kidogo kwa sababu linaleta ugomvi usio na maana. Kwenye vyuo vyetu vingi karatasi inasema lugha ya kufundishia ni Kiingereza, darasani mambo yanachanganyika, na mwangalizi mwenye tabia ya fomu atakimbilia kuandika "mwalimu ametumia Kiswahili" kama vile kamkamata na kosa la barabarani. Wewe andika sentensi kama ilivyosemwa, kwa lugha iliyosemwa, na kilichofuata. Kama Kiingereza kilifuatiwa na ukimya na Kiswahili kilifuatiwa na maswali matatu, hizo ni data na mwalimu ataamua mwenyewe afanye nini nazo, labda atahitaji kuwajengea maneno ya fani mapema zaidi kwa sababu mtihani utawakuta kwa Kiingereza.

Mkubaliane pia utakaa wapi. Nyuma kabisa unaona visogo. Kaa ubavuni, karibu na katikati, mahali unapoona nyuso na mikono.

Ndani ya darasa

Mwalimu akutambulishe kwa sentensi moja: "Mwalimu fulani yuko nasi leo, anajifunza namna mnavyojifunza." Basi. Kaa, nyamaza, simu zima. Usitikise kichwa, usitabasamu wakati wa makosa, usimsaidie mwanafunzi hata akikuangalia kwa huruma. Kitu pekee kinachokuruhusu kufungua mdomo ni hatari, mtu anataka kuwasha mashine ya kukata bila kinga, hapo piga kelele, uangalizi baadaye.

Notsi zinavyoonekana, chukua mfano wa somo la umeme wa majumbani, kufunga taa moja kwa swichi mbili kama ile ya ngazi, wanafunzi 28, mbao za mazoezi zinatumia betri. Komoni (common) na eli wani (L1) ni sehemu za swichi ambako waya zinafungwa, na waya wa moto ni ule unaoleta umeme. Huu ni mfano nimeutunga ila walimu wa umeme watautambua.

2:04 Mwalimu kachora saketi ubaoni. 23 wanachora, 5 nyuma daftari zimefungwa.
2:11 "Tumeelewa?" Wote: "Ndiyooo." Hakuna aliyeitwa kwa jina.
2:13 "Waya wa moto unaingia kwenye komoni au kwenye eli wani?" Sekunde moja. Anajibu mwenyewe: "komoni."
2:20 Makundi manne ya watu saba. Kundi la dirishani, mvulana mmoja anafunga waya, sita wanatazama.
2:26 Kundi hilohilo, msichana: "mbona hiyo umeiweka eli wani?" Hajajibiwa.
2:31 Kundi la mlangoni taa inawaka. Wanashangilia. Wakigeuza swichi ya pili, ya kwanza haifanyi kitu. "Si inawaka lakini." Mwalimu yuko kundi jingine.
2:40 Mwalimu kafika kundi la mlangoni, kaona taa, "safi", kapita.

Mistari saba tu na somo zima limo humo. Hamna popote palipoandikwa mwalimu ni mzuri au mbaya. Lakini ukisoma 2:13 alafu 2:31 unaona kitu, swali la komoni ambalo mwalimu alijijibu mwenyewe ndilo hasa kundi la mlangoni walilokosea, waya wa moto umeingia mahali pa waya wa kupokezana, ule unaounganisha swichi mbili, ndo maana swichi moja inamlemaza mwenzake, na ile "ndiyooo" ya 2:11 haikumaanisha chochote. Kila mwalimu wa Afrika Mashariki anaijua hiyo ndiyo ya pamoja. Mwanafunzi anaitikia kwa adabu, na mwalimu anaihesabu kama kuelewa.

Karakana kubwa zina mambo yake. Kwenye uchomeleaji unaweza kukuta mashine mbili na wanafunzi ishirini, na hapo swali la maana kuliko yote ni wale kumi na nane wanafanya nini. Kila dakika tano inua macho hesabu mikono iliyo kwenye kazi, andika namba, basi. Ukimaliza kipindi cha saa mbili una namba ishirini na kitu ambazo zinaonyesha muda umekwenda wapi, na mara nyingi zinasema ukweli ambao mwalimu alikuwa anauhisi ila hana ushahidi wa kwenda nao ofisini kuomba vituo vya kazi zaidi, kukata, kupima, kusaga, kuchora, ili wanaosubiri mashine wawe na kazi. Hesabu pia ngao za macho, maana wanaotazama mwale wa moto bila ngao ndo wanaokesha usiku macho yanawasha. Na wewe mwangalizi vaa viatu vya kufunika na usisahau ngao yako, usije na sendo karakana.

Dakika tano za mwisho, kama mlikubaliana na mwalimu, waombe wanafunzi watatu wa kubahatisha, sio wale wa mbele, wakuonyeshe walichojifunza, wachore au wafunge. Andika walichofanya. Hicho kipande kidogo kina uzito kuliko fomu yoyote.

Mazungumzo ya baada

Yafanyike siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi, baada ya hapo kila mtu ameshasahau, kilichobaki ni maoni. Mahali pa faragha, sio ofisi ya walimu ambako wote wanajifanya wanasahihisha huku masikio yako kwenu.

Sisi tuna ugonjwa wa "ulifundisha vizuri sana mwalimu, ila...". Mwenzako haisikii sehemu ya kwanza, anasubiri ila. Na ukiondoa ila ukabaki na sifa tupu umempotezea muda. Dawa yake ni kuanza na karatasi. Mpe notsi, mwachie dakika tatu nne asome peke yake kimya, wewe kunywa chai. Alafu uliza, usieleze. Inaweza kwenda hivi, mwangalizi kijana na mwalimu mkongwe:

"Mwalimu pole na kazi."
"Asante madam, nishapoa."
"Ukisoma hapo kuna sehemu imekugusa?"
"Hii ya 2:31. Mi nilijua wamepata, taa ilikuwa inawaka."
"Walikuwa wamefunga vipi?"
"Watakuwa wameingiza moto kwenye eli wani hawa. Sasa nilishawaambia komoni... ngoja, hapa umeandika nilijibu mwenyewe?"
"Ndivyo nilivyosikia mwalimu."
"Mh."

Hapo nyamaza. Hiyo "mh" usiijaze maneno. Mwangalizi mwenye haraka atarukia na ushauri wake wa vitu vitano na ataharibu, wakati mwenzake alikuwa tayari anafika mwenyewe. Ukiona amekwama kabisa, au anakimbilia "muda ulikuwa mdogo" na "wanafunzi wa siku hizi", mrudishe kwenye mstari mmoja wa notsi, "hapa 2:26 yule binti aliuliza, unadhani alikuwa ameona nini?" Mrudishe kwenye tukio kila akipaa.

Malizeni na badiliko moja. Moja! Liwe dogo kiasi kwamba anaweza kulifanya wiki ijayo bila kuomba vifaa. Kwa huyu wa umeme labda ni kwamba kabla ya kugusa waya kila mwanafunzi achore kwenye karatasi komoni inaenda wapi na yeye apite azione, na anayefunga waya abadilishwe kila hatua. Liandike chini ya notsi, kwa maneno yake yeye, na tarehe ya wewe kurudi.

Na urudi. Mzunguko usio na safari ya pili ni utalii. Safari ya pili inakuwa fupi, dakika ishirini zinatosha, unatazama lile badiliko tu. Kama halikusaidia andika hivyo hivyo, walimu wanajifunza mengi kwenye jaribio lililobuma.

Kwenye ratiba ya muhula

Usianze wiki ya kwanza, wanafunzi bado wanasajiliwa, na usiguse wiki za mitihani ya ndani wala kipindi watu wako BTP au wanachuo wako fildi. Wiki ya tatu au ya nne ndo nzuri, safari ya pili kabla ya katikati ya muhula. Kila mwalimu mara mbili kwa muhula ni nyingi ya kutosha, ukitaka zaidi utapata fomu zimejazwa ofisini.

Waangalizi wakutane mara moja kwa mwezi bila majina ya watu, waulizane tu wanaona nini kinajirudia. Kama kwenye idara tatu tofauti wanaona maswali yanajibiwa na mwalimu mwenyewe, hiyo sasa ni mada ya mafunzo ya mchana mmoja kwa chuo kizima, na hapo mafunzo yanatoka kwenye darasa lenu, sio mada iliyotoka wizarani au kwa mfadhili. MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) ya walimu wa shule imejengwa kwenye wazo la karibu na hilo, walimu kujifunza kazini kupitia jumuiya za ujifunzaji badala ya kungoja kuitwa semina, na Kenya mradi wa SMASSE ulioanza 1998 kwa msaada wa Japani uliwazoesha walimu wa sayansi na hisabati kupanga, kufanya, kutazama na kuboresha. Wajapani wenyewe wana desturi ya zamani ya walimu kuandaa somo moja pamoja, mmoja akafundisha, wengine wakatazama wanafunzi, alafu wakalirekebisha. Mkishazoea kuangaliana wawili wawili mnaweza kujaribu hiyo, ni tamu zaidi kwa sababu somo ni la wote na hakuna anayejitetea.

Akigoma mtu, mwache. Mwalike yeye awe mwangalizi kwanza, aje akae kwenye kipindi chako wewe na akuandikie. Wengi wanaogoma wana sababu, aliwahi kuangaliwa alafu maneno yakafika mbali, na hilo halifutwi kwa barua.

Sasa posho, maana swali hili litakuja kabla hata hujamaliza kuelezea. Msilipe posho ya kuangalia, ukilipa mara ya kwanza siku hela ikiisha na utaratibu umeisha. Badala yake nenda kwa mtaaluma na ratiba mkononi, omba kila mwangalizi apunguziwe vipindi viwili kwa wiki kwa muhula huo na vigawanywe kwa wengine kwa makubaliano. Ni ombi gumu kuliko hela, idara yenye walimu wawili itakuambia haiwezekani na huenda kweli haiwezekani, hapo punguza idadi ya waangalizi mpaka ratiba ikubali, hata wakibaki wawili.

Bajeti yenyewe iliyobaki ni daftari kubwa moja kwa kila mwangalizi, karatasi za nakala ili notsi akabidhiwe mwenyewe siku ileile, na chai.